Pazia la Shangazi

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani, na kitambaa alikikata nyuma ya pazia. Kushona alishona mbele za watu, kupiga pasi vivyo hivyo, lakini kukata, thubutu! Aliingia na kitambaa na mkasi, akavuta pazia, na baada ya saa mbili akatoka na vipande visivyo na kasoro. Wateja walinong'ona kwamba ana kipaji cha kuzaliwa. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyewahi kufundisha Kilatini, alipenda kututupia msemo wake: omne ignotum pro magnifico, kila kisichojulikana hudhaniwa kitukufu.

"Sisi tunasema usilolijua ni usiku wa giza," shangazi alimjibu. "Hao wenzetu wa Kilatini naona walikuwa na taa."

Mimi sikucheka. Miaka mitatu nilikuwa natia vifungo na kukunja pindo dukani kwake, na nilishaamua kwamba mwisho wa mwezi naacha. Kipaji sikuwa nacho, basi.

Mara shangazi akapasuliwa jicho. Daktari alimkataza kuinama kwa wiki sita, na mwalimu alishaleta kitambaa cha koti, kipande alichoachiwa na marehemu mkewe. Ukikiharibu, hakuna kingine. Shangazi akaniita nyuma ya pazia.

Nilitarajia sijui nini. Nilikuta magazeti, marundo kwa marundo, yamekatwa mikono, kola na migongo, mengi yamekwenda upogo kana kwamba mkataji alikuwa amelewa.

"Kila nguo nakata kwanza kwenye gazeti," alisema bila kunitazama. "Mara tatu, mara nne. Nakosea, mwanangu. Nilikuwa naona haya watu wajue."

Hasira zilinipanda. "Miaka mitatu, shangazi, umeniacha nijione mbumbumbu?"

"Nimekuacha. Nisamehe. Haya, shika mkasi."

Nilikosea mara tano. Yeye aliketi pale na bandeji jichoni, akisema, "Bega limezidi. Kata jingine." Mara ya sita gazeti lilikaa sawa. Nikatandika kitambaa cha mwalimu, nikakata.

Siku ya kujaribu koti, mwalimu, asiyejua nani amekata, alijigeuza mbele ya kioo, akapitisha kiganja begani.

"Fundi," akamwambia shangazi, "mikono yako haina mfano."

Dukani walikuwepo wateja wanne. Niliinamisha kichwa. Angenyamaza tu, sifa yake ingebaki salama, na nisingemlaumu.

"Si mimi," shangazi alisema, sauti ikifika hadi mlangoni. "Amekata huyu. Amekosea mara tano kwenye gazeti kwanza, na mimi nina miaka thelathini nakosea vilevile huko nyuma."

Wateja walitazamana. Mmoja wao hakurudi tena. Mwalimu alinipa mkono.

"Asante, fundi," akasema.

Sikuwahi kuitwa hivyo. Nilimwitikia mwalimu, lakini macho yangu yalikuwa kwa shangazi, na mpaka leo namshukuru: jina alilolijenga miaka thelathini alilibomoa mbele za watu, bila kuombwa, ili mtoto wa kaka yake apate lake.