Sufuria ya Mama Yaenda Mjini

Mzee Kahiga wa Gatitu alikuwa mtu wa kamati. Alikuwa katika kamati ya kanisa, kamati ya shule, kamati ya maji na kamati ya mazishi, na majirani walisema kuku wake wakigombania punje ya mahindi, yeye huitisha kikao. Kwa hiyo nyumba yake mpya ya mawe ilipoezekwa, na bomba la maji ya Harambee likafika mpaka ukuta wa jikoni katika ule mwaka wa sita wa Uhuru, hakuna aliyeshangaa kusikia kwamba mzee amekwisha kata shauri kuhusu sinki. Alilikata peke yake. Jikoni ndipo mahali pekee ambapo hakuwahi kuwa mwanakamati.

"Ni nyeupe, ya kauri," alitangaza Jumamosi jioni, amenyoosha miguu sebuleni. "Tena ina mabeseni mawili. Nimemwambia Yakubu wa dukani aniwekee, nitaichukua Jumatatu, fundi aijengee ukutani siku hiyo hiyo."

"Mawili ya nini, Baba?" aliuliza Watiri, binti yake, ambaye alikuwa likizoni kutoka shule ya bweni.

"Yule mzungu wa Mweiga niliyekuwa karani wake alikuwa na mawili. Niliyaona kwa macho yangu."

"Ulikuwa jikoni kwake?"

"Nilikuwa dirishani," alisema mzee kwa heshima zote. "Moja litakuwa la wageni wanaume kunawia mikono, na moja la wanawake. Kama viti vya kanisani."

Watiri alimtazama mama yake, Magdaline, aliyekuwa akimimina chai.

"Ni sawa, Baba Watiri," alisema Magdaline.

Sasa, "ni sawa" za Magdaline zilikuwa za aina nyingi, na Watiri alizijua zote kama mchungaji anavyojua mbuzi wake. Hii ilikuwa ile aliyoitoa siku katekista alipokula kuku tembe ambaye Magdaline alikuwa akimlea kwa ajili ya mayai.

Jambo lenyewe lilikuwa sufuria. Magdaline alikuwa na sufuria kubwa ambayo mtoto wa darasa la pili angeweza kujificha ndani yake, na Watiri alipokuwa darasa la pili aliwahi kufanya hivyo, akamfanya mgeni mmoja aape kwamba githeri ya mahindi na maharagwe imemsalimia. Hakuna harusi iliyofungwa Gatitu bila sufuria hiyo. Ilikuwa na herufi M iliyogongwa kwa msumari kitakoni, ili iende iendako, mwishowe irudi kwao. Na kila iliporudi, Magdaline aliiosha nje kwenye majani, amekunjika kama kisu cha mfukoni, kwa majivu na gunzi la mahindi, huku manyunyu ya Agosti yakimpiga mgongoni. Akimaliza hushika kiuno akainuka kwa awamu, kama mtu anayepanda ngazi isiyoonekana. Siku bomba lilipofika ukutani, alimwambia Watiri neno moja tu: "Sasa nitaosha nimesimama kama mtu."

Ndipo Watiri, alipotumwa sukari mjini Jumapili asubuhi, akapitia dukani kwa Yakubu na kuipima ile kauri nyeupe kwa rula yake ya jiometri. Kila beseni lingetosha birika na dhambi ndogo. Sufuria isingeingia hata kwa maombi. Sinki ikishajengewa ukutani ndiyo basi, Mama angerudi kwenye majani mpaka mwisho wa maisha yake.

Kumwambia baba waziwazi hakungefaa. Likizo ya Pasaka Watiri alimfunga beberu tai ya mzee siku ambayo wazee wa kanisa walikuja kikaoni, na ingawa beberu alikaa kwa adabu kuliko baadhi yao, tangu siku hiyo maneno ya Watiri hayakuwa na uzito sebuleni. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho Mzee Kahiga hakuweza kukipuuza, kikitoka kinywani mwa yeyote.

Jumapili baada ya chakula Watiri alikohoa, akaweka mikono nyuma kama alivyofunzwa katika chama cha mdahalo. "Baba, nasikia sheria mpya ya sinki imeanza kutumika."

Mzee alishusha kikombe. "Sheria gani?"

"Hakuna sinki ya jikoni itakayouzwa Nyeri mpaka sufuria kubwa ya nyumba ipelekwe dukani, ijaribiwe humo mbele ya mwenye nyumba na mwenye sufuria. Kifungu cha saba."

"Cha saba?"

"Kifungu kidogo cha pili."

Mzee alisugua kidevu. "Ati mbona sisi kamati ya maji hatukuambiwa?"

"Mtaambiwa, Baba. Serikali bado ni changa, ina mambo mengi."

Asubuhi yake msafara ulishuka kwenda mjini. Mbele alitembea Mzee Kahiga na kofia yake na bakora. Nyuma alikuja Magdaline, sufuria mgongoni, mkanda wake kwenye paji la uso kama mzigo wa kuni. Watiri alifunga msafara akibeba gunzi na majivu kidogo katika mfuko wa karatasi, uso wake umenyooka kama wa askofu.

"Magdaline! Harusi ya nani leo, Jumatatu?" alipaza sauti mwanamke mmoja shambani.

"Ya sinki!" alijibu Watiri. "Bwana harusi ni bomba."

Duka la Yakubu lilikuwa karibu na msikiti, limejaa misumari, mabati na maneno. Yakubu mwenyewe, kofia ya kufuma kichwani, alipoiona sufuria alifungua mikono.

"Mzee Kahiga! Leo umeniletea pilau?"

"Nimekuja na sufuria sababu ya ile sheria."

"Sheria ipi tena?"

Nyuma ya mgongo wa baba yake, Watiri aliinua macho kwenye dari na kukutanisha viganja kama malaika wa kwenye kadi ya Krismasi. Yakubu alikuwa baba wa mabinti. Alielewa.

"Aaa, ile! Kali sana hiyo, Mzee. Jitayarishe, tusije tukashikwa wote wawili."

Wakaanza na ile kauri nyeupe. Magdaline aliishusha sufuria, nayo ikakaa juu ya ukingo uliotenga mabeseni mawili, ikayumba kama kuku aliyepewa mayai ya bata.

"Labda ikiinamishwa," alisema mzee.

Wakaiinamisha. Haikuingia, ila kitako chake kiliburuza na kuacha mstari mweusi kwenye weupe ule wote. Yakubu aliusugua kwa kidole, kisha kwa mate, kisha akaacha.

"Kauri haisahau," alisema. "Na kikombe kikikuponyoka humo, usihangaike kukiokota. Leta ufagio."

Walijaribu ya chuma kilichopakwa enameli, yenye beseni moja. Hapa sufuria iliingia nusu, ikagonga mdomo wa sinki, na kipande cha enameli kikaruka mpaka kwenye debe la misumari. Yakubu alisema haidhuru, kwa sauti ya mtu ambaye imemdhuru.

Kwa wakati huu Mzee Kahiga alikuwa amevua koti. Kwenye soko la mbuzi hapakuwa na mtu aliyejua kumchagua kama yeye, maana hakumnunua mnyama kabla ya kumbonyeza kiuno, kumfungua mdomo na kumtembeza. Sasa aliikaribia sinki iliyobaki, ya stenlesi, beseni lake moja pana na refu, na pembeni yake kushoto bapa lenye mifereji la kuwekea vyombo vichuruze maji. Aliigonga kwa ngumi. Ikalia.

"Hii iko na sauti kama debe."

"Debe hushika kutu, Mzee. Hii haishiki. Majivu haiogopi. Na kikombe kikianguka, kinaruka na kukurudia mwenyewe."

Sufuria iliingia. Iliingia yote, ikatulia chini kama ng'ombe aliyefika zizini. Magdaline alicheka, kicheko kifupi cha mshangao, akasimama mbele yake wima.

Watiri alipaswa kuishia hapo. Lakini mtu akishatunga sheria mkono hunogewa. "Kifungu cha nane," alisema. "Mwenye sufuria aioshe kwa mfano." Akampa mama yake gunzi.

Magdaline alilichovya kwenye majivu na kuanza kusugua, akiwa bado anatabasamu, kwa mkono wa kushoto.

Kisha akakumbuka alipo. Gunzi lilisimama. Akalihamishia mkono wa kulia upesi, kama mtoto aliyekutwa na sukari, na mkono wa kulia ukaliangusha.

Watiri alihisi uso ukimwaka. Siri hiyo aliijua yeye peke yake. Mbele za watu mama yake alimimina chai kwa kulia, akatoa sadaka kwa kulia, akasalimu kwa kulia. Jikoni tu, ambako mwanamume haweki mguu, ndiko mkono wa kushoto ulikotoka kufanya kazi, na ndiko viwiko vya mama na binti vilikogongana kila walipoosha vyombo pamoja. Magdaline alipoletwa Gatitu kama bibi harusi, mama mkwe wake aliuona mkono ule na kusema: huo, mwanangu, usionekane na wageni, ubaki jikoni. Ukabaki. Mama mkwe alikwisha zikwa, mkono haukuambiwa.

"Huo mkono," alisema mzee polepole. "Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe, Baba Watiri."

"Na siku zote hizo mimi nilikuwa wapi?"

Magdaline alifikiri. "Sebuleni."

Yakubu aligeuka kupanga bawaba ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Mzee Kahiga aliinama, akaokota gunzi, akalipangusa kwenye suruali yake ya kanisani. Hakuliweka katika mkono wa kulia wa mkewe. Aliliweka katika ule mwingine.

"Osha," alisema.

Magdaline akaosha. Alisugua sufuria, kisha akasugua mfuniko wake na kuupeleka kwenye bapa. Lakini bapa lilikuwa kushoto, na mkono wa kulia uliobeba mfuniko ulilazimika kuvuka juu ya ule wa gunzi, na kiwiko kikagonga bomba lililofungwa kwenye sinki. Mzee alimwomba arudie. Alitazama amekunja uso, vile anavyomtazama mbuzi akitembezwa.

"Huyu mbuzi anachechemea," aliamua. "Yakubu, hakuna ingine iko na bapa upande ule?"

"Iko stoo. Imekaa sana. Watu wanasema iko kinyume."

"Na sisi tuko kinyume. Ilete."

Aliitazama ile kauri mara moja ya mwisho, kama mtu anayempita mchumba wa zamani barabarani, akavaa koti.

Njiani kurudi, sinki ikija nyuma kwa mkokoteni, mzee alisimama ghafla.

"Ile sheria ya kuficha mkono wa kushoto. Nani aliitunga?"

"Cucu, mama yako," alisema Watiri.

"Jina lake?"

"Watiri."

"Na wewe unaitwaje, mama yangu?" Alikuwa binti wa kwanza, na kwa hiyo alikuwa amebeba jina la mama mzazi wa mzee; mzee alimwita hivyo akiwa na furaha, au akiwa na jambo.

"Watiri."

"Basi. Watiri aliitunga, Watiri ataifuta. Hapa hapa."

Watiri alipanda juu ya jiwe, akaweka mikono nyuma na kukohoa. Alikuwa ameandaa maneno makubwa, yenye Kiingereza ndani. Aliyaacha yote, akasema tu, "Nimeifuta, Mama."

"Imepita," alisema mzee.

Magdaline alirekebisha mkanda wa sufuria kwenye paji la uso, akaendelea kupanda mlima, na gunzi alilibeba kwa mkono wa kushoto, barabarani, mchana kweupe.

"Sasa ile nyingine," aliendelea mzee. "Kifungu cha saba. Muhuri wa kamati ya maji uko kwenye kabati langu. Unadhani sheria ya maji inaweza kupita Nyeri bila mimi kuiona?"

"Ulijua, Baba? Na ukaja?"

"Nilitaka kuona ni kitu gani unakitaka hivyo mpaka udanganye kwa heshima. Mtunzi wa sheria ataosha vyombo mpaka shule ifunguliwe."

Jioni ile, fundi alipomaliza na maji kufunguliwa, Magdaline aliosha sufuria yake kwanza, peke yake, amesimama kama mtu, akaigeuza juu ya bapa M ikitazama dari. Vyombo vingine vyote vilikuwa vya Watiri, ambaye kwa mkono wake wa kulia kwenye sinki iliyo kinyume aligonga bomba kila sahani.

Mlango ulifunguka. Mzee Kahiga alisimama kizingitini na kikombe chake kitupu, akautazama mguu wake kana kwamba si wake, kisha akauingiza.

"Hiki," aliuliza, "huwekwa wapi?"

Magdaline alimwonyesha kwa mkono wa kushoto.