Mwenye Ibuka

Wakili hakuugusa mchezo kwanza. Aliinamia tu kile kitambaa cha mraba kilichotandazwa mezani kwake, kimejaa matundu ya vifungo yaliyoshonwa kwa mkono, akamwacha Fundi aeleze. Chini ya sakafu, katika duka la vipuri, mtu alikuwa anagonga chuma.

Fundi, mshona nguo wa miaka mingi, alisukuma kifungo chekundu kwenye tundu kikazama upande wa chini. "Hapo kimepotea," alisema. "Mwenzako hajui kitatokea wapi. Unakisogeza chini kwa chini kwa vidole, halafu kinaibuka nyuma ya mgongo wake. Ndiyo maana nikauita Ibuka."

"Na nani ameuona?"

Aliyejibu ni mdogo wake Fundi, kinyozi, aliyekuja kama shahidi. "Swali gani hilo, wakili? Mtaa mzima unaucheza saluni kwangu. Kuna wazee wenye vipara wanapanga foleni ya kunyolewa."

Fundi alicheka kwa fahari. Lilikuwa shauri lake mwenyewe: kiwanja hulindwa na majirani wanaojua mpaka wake, basi na mchezo ulindwe vivyo hivyo. Fedha za ulinzi mwingine hakuwa nazo, na macho ya watu hayana bei. Akaucheza sokoni, akaupeleka mashuleni, akasambaza video zake kila kona, ili kila mtu ajue ni wake.

Wakili alivua miwani. "Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Basi hataza, ile haki ya mvumbuzi, imekufa, dada yangu. Hataza hupewa kitu ambacho hakijawekwa hadharani kabla ya kuombewa. Wewe umekipigia tarumbeta. Ziko nchi zinazomvumilia mvumbuzi kwa muda, lakini muda huo nao umekwisha."

Kicheko kilimkauka Fundi mdomoni. Alikitazama kitambaa kana kwamba mtu amekipitishia mkasi katikati. "Nimeuua mwenyewe?"

"Kwa mkono wako. Lakini jina halijafa. Alama ya biashara haidhuriki kwa kujulikana, na gharama yake utaimudu. Tuandikishe Ibuka leo, kwa aina moja tu ya bidhaa: michezo. Nyingine utaongeza ukijaliwa."

Aligeukia kompyuta ahakikishe hakuna aliyetangulia. Alichapa, akasubiri, akachapa tena. Kisha akanyanyua macho, na hakumtazama Fundi. Alimtazama kinyozi.

"Huyu aliyeliomba jina hili mwezi uliopita ni wewe?"

Kinyozi alijikuna shingo.

Fundi alimgeukia polepole.

"Dada, nisikilize kwanza," kinyozi alisema. "Kuna mfanyabiashara alikuja saluni, anatengeneza vitu vya plastiki. Anataka mtu mwenye jina la mchezo mkononi, ndipo waandikiane mkataba. Wewe ulikuwa unajivuta. Nikasema nilishike mimi, lisituponyoke."

"Jana umekula kwangu," Fundi alisema. "Umeshiba, umenawa, ukaniambia tutakwenda wote kwa wakili."

"Nilitaka kukuambia."

"Kijiko kikakuziba mdomo."

"Tuandike ni la wote wawili, yaishe. Saluni yangu ndiyo iliyoukuza. Bila viti vyangu ungekuwa unacheza na cherehani yako."

Wakili alikohoa. "Ombi lake halijapitishwa, na muda wa kuweka pingamizi bado upo. Lakini siwezi kumtetea anayepinga na anayepingwa. Mmoja wenu atoke nje."

Kinyozi hakujitikisa. Alimtazama dada yake kwa jicho lile la utotoni, la mtu aliyezoea kusamehewa kabla hajaomba. Fundi alisikia moyo unaanza kumlegea, na hilo likamshtua kuliko yote aliyoyasikia mle ndani. Akakisogeza kitambaa upande wa wakili, akasema kwa sauti anayoitumia kumwambia mteja kwamba suruali haina tena pindo la kuongezea:

"Toka, mdogo wangu."