Korido ya Kwenda Kazini

Asubuhi mwandishi alipika chai, akabandika maharage, akafagia, akamwonyesha mume wake alikoweka bisibisi, kisha akavaa viatu vya kufunga na kuaga. Mama mkwe wake alikuwa kwenye kochi, goti lake bovu juu ya mto. Alimtazama mkwewe kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Viatu vyote hivyo unakwenda wapi?"

"Kazini, mama."

"Haya. Ukifika hapo chumbani niletee miwani yangu."

Chumba cha kazi kilikuwa mwisho wa korido, baada ya bafu. Kilikuwa na meza, kompyuta ndogo, kiti chenye mguu uliofungwa waya, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Humo mwandishi alikuwa ameandika hotuba za wakurugenzi, matangazo ya sabuni, na maisha ya mfanyabiashara mmoja ambaye hadi leo husifiwa kwa kalamu yake nzuri. Jina la mwandishi mwenyewe halikuwahi kutokea popote. Safari hii lingetokea. Alikuwa amepewa kitabu cha sayansi cha watoto wa darasa la nne, na mhariri alimwahidi jina lake kwenye jalada, mradi mswada ufike kabla ya mwezi kuisha. Akichelewa, kazi ingekwenda kwa mwingine, naye angerudi kwenye sabuni.

Muda wake aliupima kwa jiko. Sufuria ya maharage ilimpa kurasa mbili, nguo zilizolowekwa zilimpa moja na nusu. Wali haukumpa kitu, kwa sababu wali unataka kuangaliwa. Kwa hesabu hiyo angemaliza mapema na kubaki na muda wa kujisifu, kama si watu. Mlango wake aliuacha wazi asije akaambiwa anaringa, na watu wakaingia. Jirani mwenye duka la vipodozi alimwachia funguo, mizigo ya kupokelewa, na siku moja mtoto mwenye mafua. "Wewe si upo tu?" alisema akiwa ameshafika getini. Mume wake, fundi umeme, alipiga simu kutoka juu ya ngazi ya mteja kuuliza kama soksi zake zimekauka. Mama mkwe alimwita kila rimoti ilipokuwa mbali na mkono.

Katikati ya mwezi korido ilianza kurefuka. Mwanzoni ilikuwa kidogo, chai ikafika mezani vuguvugu. Baadaye ilifika baridi kabisa, na mwandishi akaanza kubeba chupa. Mume wake alijaribu kupima kwa futi yake ya kazini, futi ikaisha, akaguna. Kwa kuwa huko mbele kulikuwa giza, alileta waya na kufunga balbu mpaka roli nzima ikamalizika.

"Nyumba ikirefuka inakula waya," alimwambia mama yake, akaenda kuoga. Kesho yake aliweka stuli katikati ya njia, ya kupumzikia.

Jirani alikuja tena na ufunguo. Alitembea mpaka kwenye stuli, akakaa, akajipepea kwa kanga, akarudi na ufunguo wake. "Siku hizi anafanya kazi mbali," aliwaambia wateja, kwa heshima ambayo hakuwahi kuitumia mwandishi alipokuwa karibu.

Mama mkwe hakuweza kufika kwa goti lile, kwa hiyo aliita. Sauti yake iliondoka sebuleni vizuri tu, ila ilichelewa njiani. "Chumvi iko wapi?" ilifika chumbani watu wakiwa wameshakula na vyombo vimekauka. Mwandishi alijibu kwa adabu, na jibu likafika sebuleni kesho yake wakati wa taarifa ya habari. Mama mkwe aliinuka akaangalia kabatini. Kweli ilikuwapo.

Na mwandishi aliandika, jamani, aliandika. Hakuwahi kuandika vizuri namna ile. Alieleza mvuke, kivuli na sumaku kwa namna ambayo mtoto angeacha kitabu na kukimbilia kijiko kuhakikisha. Jioni alirudi nyumbani na vumbi viatuni, amechoka, kifua mbele, akitembea katikati ya korido kwa maringo yote. Wiki ya mwisho hakurudi. Alichukua godoro, mikate na chupa mbili za chai, akamuaga mume wake kwenye mlango wa bafu.

"Chapa kazi, mke wangu," mume alisema. "Usituangushe."

Sura ya mwisho ilihusu sauti. Siku ya mwisho ya mwezi, asubuhi, alikuwa amefika pale inapoelezwa kwamba sauti huchukua muda kumfikia msikilizaji, ndipo ilipomfikia: "Mwanangu! Njoo upesi, jikoni kunaungua!"

Alitoka bila viatu. Alikimbia korido yote, chini ya balbu zote, akaipita stuli bila kuitazama, akijua kwamba sura ile huenda isimalizike tena. Miguu, kwa sababu ambazo kitabu hakikueleza, ilikuwa na kasi kuliko sauti. Hata hivyo alipofika sebuleni hapakuwa na moshi. Yalikuwa maharage, na yaliungua jana, Jumapili. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi. Mume alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, kinachopakana na mlango wa jikoni, akifunga kamba za viatu aende kazini.

"Jana ulikuwa na nani hapa, mama?"

"Na huyu. Alikuwa amekaa hapo hapo."

"Nani alizima jiko?"

"Yeye, tulipoona hufiki."

"Sasa mbona hukumwita yeye kwanza?"

Mama mkwe alishangaa. Katika mwezi mzima, hilo ndilo jambo pekee lililomshangaza mtu katika nyumba ile.

"Alikuwa amepumzika, mwanangu. Mtu wa kazi anachoka."

Mume alikohoa, akaanza kufunga upya kamba alizokwisha kufunga. Mwandishi alikasirika na hakuficha. Alivaa ndala za mume wake, akageuka, na safari hii hakukimbia. Walimtazama akienda, mgongo umenyooka, mpaka akawa mdogo chini ya balbu na mwishowe asionekane. Aliandika bila kunyanyua kichwa na kuituma sura kabla siku haijaisha. Mtandao, kwa bahati nzuri, haukupita kwenye korido.

Mhariri alipiga simu mara moja tu.

"Hapa unasema ndani ya nyumba moja sauti inaweza kuchukua siku nzima kumfikia mtu. Una hakika?"

"Nina hakika."

Mhariri aliisoma tena. Naye siku hizo alikuwa akifanyia kazi nyumbani. Sentensi aliiacha ilivyo.

Kitabu kilifika na jalada la buluu. Jina la mwandishi lilikuwa juu, pamoja na la baba yake, kwa herufi ambazo mama mkwe alizisoma bila miwani. Alizisoma kwa sauti, akazirudia, akalia. Mume alitengeneza rafu ya kitabu kimoja na kukifungia balbu yake. Jirani aliitwa, wageni wakaja, kitabu kikapita mkono kwa mkono, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa kabla ya kunawa.

"Tena kakiandika chote peke yake," mama mkwe aliwaambia, machozi ya furaha yakimtiririka. "Na wala hafanyi kazi. Yupo tu nyumbani."

Wageni walitikisa vichwa kwa kustaajabu. Mwandishi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Alilitua taratibu mapajani mwa mume wake, akaenda kuvaa viatu. Alikuwa ameshapewa kitabu cha darasa la tano. Alipofika kwenye stuli, mama mkwe alikuwa amekwisha kumuuliza sukari iko wapi, na swali lilikuwa njiani.