Visima Mia Mbili kwenye Nukta Moja

Nilifungua faili la visima nililopewa na karani wa ofisi ya maji, nikachanganyikiwa. Visima mia mbili vya wilaya nzima vilirundikana kwenye nukta moja ya ramani! Nikazima kompyuta, nikawasha, vikang'ang'ania palepale. Kitumbua cha utafiti wangu kimeingia mchanga.

Nikaifuata nukta ile kwa simu, mtaa kwa mtaa. Ikanipandisha ngazi za ofisi ileile, hadi mezani kwa karani yuleyule.

"Kaka, hivi visima ulivipimia wapi?"

"Hapahapa, dada. Wenye visima walikuja kunitajia, mimi nabonyeza kifaa."

"Kwa nini hukwenda huko?"

Akakinyanyua kifaa cha kupimia, kile kinachorekodi mahali kilipo. Kimefungwa mnyororo kwenye mguu wa meza.

"Mali ya ofisi hii. Hairuhusiwi kutoka nje."