Nikisubiri Futi ya Sumaiya

…isidondoke tu, maana ikidondoka itanibidi niiname kuiokota mbele ya Hamidi, na nikiinama goti la kushoto litalia, na likilia Hamidi atalitangaza Rwamishenye nzima, basi nibane mapaja, mgongo ukutani, miguu mitupu juu ya saruji ya baridi, soksi nimezikunja ndani ya viatu, na mimi, Deogratias Rutashobya, bwana shamba mstaafu wa Maruku, mzee wa miaka themanini, nimesimama katika duka la baiskeli la mwanamke nikiwa nimebana atlasi ya shule katikati ya miguu, "ipandishe juu kabisa, baba, ikae pale unapokalia kiti, halafu usitikisike," ndivyo alivyosema Safina, akageuza uso akaangalia barabarani kwa adabu, nikamshukuru moyoni, akasema atakayepima toka atlasi hadi sakafuni ni Hamidi kwa kuwa ni mwanamume na ni fundi cherehani, mlango wake uko hapo hapo ubavuni, kazi yake ni miguu ya watu, Hamidi akaja na futi yake shingoni, Safina akaikataa, "hiyo yako imekatika kichwa, mzee Hamidi, ndiyo maana mji huu suruali zote zinaburura," na futi yake ya chuma iko kwa mdogo wake Sumaiya aliyeiazima kupima mapazia, sasa anampigia simu, na mimi nasubiri, na visigino nimevinyanyua kidogo, upana wa kidole tu, suruali imefunika, hakuna anayeona… "Sumaiya, wewe, futi iko wapi? Nina mzee wa watu hapa nimemsimamisha ukutani"… mzee wa watu, kana kwamba sina jina, nilimwambia jina langu nilipoingia, nikalitaja lote, akanijibu karibu baba, basi.

Zimesimama mbili mbele yangu, ya bluu na nyekundu, zimeshuka na kontena pamoja na nyingine ambazo hazinihusu, ya bluu ndiyo baiskeli hasa, ndefu, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, magurudumu membamba, mtalimbo umenyooka toka kiti hadi usukani kama mstari uliopigwa kwa rula, na nilipoingia niliipima kama tulivyofundishwa, kwapa juu ya kiti, mkono nikaunyoosha chini, ncha za vidole zikagusa mhimili wa pedali sawasawa, nikasema hii ndiyo, Safina hakucheka, aliuliza tu, "na mguu, baba, unafika chini?" nikapanda, akaishika, mguu ukatafuta sakafu ukaikosa, kidole gumba tu ndicho kilichogusa, nikasema kiti kishushwe, akasema kimeshushwa mpaka mwisho, "kiti kinapanda na kushuka, baba, usukani tunaweza kuubadilisha, lakini fremu hairefushwi wala haifupishwi, fremu ndiyo unayoinunua," na ile nyekundu, nyekundu ya kahawa iliyoiva mtini, mtalimbo wake umelala ukiteremkia kwenye kiti, nikamwambia hiyo ni ya kike, akasema si ya kike, ni fremu ndogo ya barabarani, wazungu wanashindania hizo hizo, Hamidi akadakia toka mlangoni, "mwache Bwana Shamba, anataka ile atakayopandia kwa ngazi"… nikageukia ile ya bluu, mtu wa rika langu ukimjibu unampa kiti akae, tumetaniana na Hamidi tangu tukiwa na meno yote.

Ngazi, aliisema bila kujua, au anajua, Bukoba hakuna lisilojulikana, anajua kwamba nilianguka, mteremko wa Maruku, mbuzi wa jirani wakavuka, nikafunga breki, ile Foniksi yangu kubwa ya magurudumu ya inchi ishirini na nane ikasimama na mimi nikateremsha mguu kama nilivyouteremsha maisha yangu yote, na ardhi haikuwapo pale nilipoiacha, nikaegemea hewa, nikalala na baiskeli juu yangu kama mtu aliyefunikwa mlango, kiganja kikawekwa plasta, mbuzi wakanitazama, na jioni binti yangu Evelyne akapiga simu toka Mwanza, Evelyne kwa ipsiloni na e mwishoni, niliandika mwenyewe kwenye cheti cha ubatizo, sasa ni muuguzi mkuu, sauti ya mama yake, "Tata, ukianguka tena nakuja kukuchukua, na safari hiyo sitaki mjadala," nikasema waitu, tafadhali mwanangu, ni mbuzi, akasema mbuzi hawaishi, na chumba kipo, kimepakwa rangi, kina kitanda na televisheni na dirisha linaloangalia ukuta wa jirani, nimekiona, ni chumba kizuri, nililala humo siku chache za Pasaka, kila asubuhi nikaamka nikitafuta kitu cha kupogoa, na Joviana mke wangu nani atampalilia kaburi, amelala ndani ya kibanja kando ya migomba aliyoipanda kwa mkono wake, wanawake wakipita njiani wanamsalimu kwa sauti, mimi nikiwa barazani nawasikia, huko Mwanza nitasikia televisheni… lakini daktari wa goti ndiye aliyesema, yule kijana, kutembea kunalila goti na kukaa kunaligandisha, baiskeli nyepesi ndiyo dawa, "si ile yako ya chuma, mzee, tafuta nyepesi, lami imefika kila mahali, kwa nini uteseke?" nikamwambia Evelyne, akasema sawa Tata, baiskeli, lakini moja tu, chagua vizuri.

Moja tu, na fedha za kahawa ya msimu huu ndizo hizo, nikichukua ya bluu hazibaki za kofia ngumu wala taa ya nyuma wala mipira mipya ya breki, na iliyopo imelika, Safina mwenyewe alinionyesha, angeweza kunyamaza auze, nikichukua nyekundu vyote hivyo vinaingia na chenji inabaki, hesabu imenyooka, hesabu si tatizo, tatizo ni kwamba nikipita nayo Maruku watasema nini… "hapana, Sumaiya, ya chuma, siyo ya kitambaa, angalia juu ya kabati"… "Bwana Shamba!" ni Hamidi, "kaza hapo, ukiangusha Ulaya tutakudai!" "Ulaya iko kurasa za katikati, Bwana Hamidi, haianguki." "Basi umekalia nini?" "Jalada." Akacheka mpaka akakohoa, na nyayo zimeanza kutetemeka, kumbe kusimama juu ya vidole ni kazi, na nani aliyeniambia nisimame juu ya vidole, hakuna.

Ukuta, ndiyo, ulikuwa ukuta kama huu, chokaa iliyoacha unga mgongoni, mwalimu Klementi aliyekuwa akiandikisha watoto, hakuuliza umri maana hakuna aliyeujua, alisema pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa ushike sikio la kushoto, wenzangu wakashika, mimi vidole vikaishia kwenye nywele, akasema kwa upole, bado, rudi nyumbani ukue, nikarudi nyuma ya tata, baba yangu, njia nzima ya migomba, na tangu siku ile nilikuwa mtu wa kukua, nilipigiwa hesabu ya kukua, shati la shule likanunuliwa la kukua, likafika magotini, viatu vya kipaimara vya kukua, tukavijaza pamba, na baiskeli, Mungu wangu, baiskeli, tata aliuza kahawa yake akanichukua mpaka dukani kwa Bwana Kanji Ramji, pale mjini karibu na soko, akapima kwa kwapa na vidole, kwa kwapa lake yeye na vidole vyake yeye, akasema atakua, Bwana Kanji Ramji akasema atakua, nami nikasema nitakua, tukaondoka na dude ambalo sikuweza kulikalia, nikajifunza kwa kupenyeza mguu chini ya mtalimbo, mwili upande huu na baiskeli upande ule, nikikanyaga nusu nusu kama kaa, watoto wote tulipanda hivyo, hatukujua kuna namna nyingine, na nilipoanza kukaa juu ya kiti kama mtu nilikuwa nimeshapeleka barua za parokia mpaka Muhutwe na kurudi nikiwa nimening'inia ubavuni… nikakua, ndiyo, nikaifikia, ni miaka mingapi nilitoshana nayo, ile ya Joviana kwenye keria amekaa upande, mkono wake kiunoni mwangu na kikapu cha senene juu ya mapaja, tukienda Kagoma kwa dada yangu Annastella, akiniambia "polepole, Deo, hakuna anayetufukuza," hiyo ilikuwa miaka ya kutoshana, sikuihesabu, anayetoshewa hahesabu, halafu mgongo ukaanza kushuka na baiskeli ikabaki palepale, nami nikaendelea kuipanda kwa ajili ya yule mtu mrefu, nikimtunzia nafasi yake, kana kwamba amekwenda sokoni na atarudi.

Kwapa na vidole… lakini mikono haifupiki, mikono yangu ni ile ile, ndiyo maana vidole viligusa mhimili na mguu ukakosa sakafu, kipimo cha tata kinaupima mkono, nacho kinasema kweli juu ya mkono, hakijui lolote juu ya mgongo na goti… niliwafundisha wakulima wa kahawa miaka yote ile, ukipogoa mbuni mzee usiupogoe ukiukumbuka ulivyokuwa, utazame ulivyo asubuhi hii, tawi hili lina uhai, hili halina, acha lenye uhai, na mbuni ukiukata chini hautukaniwi, unachipua, ninavyo vibuni nyumbani nilivyovikata vikaitwa vifu, mwaka huu vimevunjika matawi kwa uzito, na hakuna aliyewahi kusema huo mbuni ni wa kike kwa sababu ni mfupi… na hii nyekundu, itazame vizuri Rutashobya, uache kuitazama kwa macho ya watu wa Maruku, nilipoipanda mara moja nikashuka haraka kwa aibu, lakini mguu ulifika, unyayo wote, kisigino na vyote, na mikono ikafika kwenye usukani bila kifua kuvutwa, viwiko vikalegea, goti halikulia, nilishuka kabla sijakubali kwamba halikulia… mbuzi wakivuka, mguu chini, basi, napita, Evelyne anabaki Mwanza na chumba chake kizuri nikitembelee Pasaka, na Annastella, ana miaka themanini na sita, yuko Kagoma barazani, kila akipiga simu anauliza utakuja lini nami najibu goti, naweza kuondoka alfajiri Jumamosi, nipumzike Kemondo nikitazama ziwa, nilale Muhutwe kwa watoto wa Mwijage, binamu yangu, na Jumapili baada ya misa nimalizie, polepole, hakuna anayetufukuza, atatoka na fimbo yake aseme, "Deo, umeazima baiskeli ya nani?" nami nitasema ni yangu, dada, hii ni yangu, nitasema nilipimwa, na itakuwa mara ya kwanza, ajabu, miaka themanini na sijawahi kununuliwa kitu cha mwili niliokuwa nao siku hiyo.

"Amesema anakuja nayo sasa hivi," Safina amefunika simu kwa kiganja, "samahani sana, baba, umechoka?" "Sijachoka." "Usijinyooshe lakini, simama kama unavyosimama nyumbani"… ameniona? hakuniona, ameangalia barabarani muda wote, wanawake wana namna yao ya kuangalia barabarani… ikiwa futi itapima kidole kisicho changu nitauziwa kidole kisicho changu, na kidole hicho ndicho kitakachokosa ardhi kule mteremkoni, ni hicho hicho, na vidole vinauma, na jua limefika mlangoni, limegusa gurudumu la mbele la ile nyekundu, na atlasi bado ipo, dunia nzima imetulia, haijadondoka, basi taratibu, kisigino cha kulia, kisigino cha kushoto, hapo, saruji, baridi yake yote… "Bwana Shamba," Hamidi ameinua macho toka kwenye cherehani, "mbona kama umepungua?" "Sijapungua, Bwana Hamidi," ndivyo ninavyomjibu, "nimesimama tu," na futi bado haijafika.