Kiangazi Tulicholala Majini

Daktari wa macho aliniambia ukweli mwezi wa kumi, mwaka niliostaafu. Alisema presha ya macho ilikuwa imekwisha kula pembe zote za kuona kwangu, na kilichobaki ni tundu la katikati, nalo litazibika polepole. Dawa ya matone ingechelewesha tu, isingezuia. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili darasa la nne kwa miaka ishirini na tisa, kwa hiyo nilimshukuru kwa sentensi kamili, nikatoka nje, nikamgonga mtu aliyekuwa amesimama kando ya mlango. Alikuwa mume wangu.

"Amesemaje?" Wakhisi aliuliza.

Nikamwambia. Alinishika mkono tukaenda nyumbani.

Wakhisi alitoka Kimilili akiwa kijana, akaja Kisumu kutafuta kazi, akaishia kutengeneza injini za boti mpaka mikono yake ikanuka dizeli hata Jumapili kanisani. Mimi ndiye niliyezaliwa kando ya ziwa, karibu na Pap Onditi, lakini yeye ndiye aliyelipenda. Sisi watoto wa ziwa tulifundishwa kuliogopa.

Wiki ile ile alikwenda kwa rafiki yake mmoja pale Dunga aliyekuwa na boti kuukuu ya mbao, ya kubebea mchanga, iliyokuwa ikioza ufukweni. Miezi miwili mizima alishinda huko. Aliziba nyufa, akapaka lami, akaezeka nusu yake kwa mabati, akapiga kitanda, rafu ya vyombo na kisanduku cha kuwekea meko ili upepo usizime moto. Kisha akanipeleka kuiona.

"Baba Jentrix, hii ni nini?"

"Nyumba."

"Si tuna nyumba Migosi?"

"Ile ni ya kupanga. Hii ni ya kiangazi." Akapiga ubao wa ubavuni kwa kiganja, kama mtu anayesifia ng'ombe. "Mwalimu, kila mwaka umekuwa ukisema ukistaafu utalitazama ziwa vizuri. Basi tulitazame. Uwaone ndege wakifungua midomo kulia. Siku ukikosa kuona, ukisikia sauti utajua ni nani amekusalimia."

Binti yetu Jentrix, ambaye anafanya kazi ya ukarani kwenye kinu cha mchele Ahero, alipiga simu jioni hiyo akiwa amekasirika. "Mama, watu wazima mlale majini kama viboko? Watu watasemaje?"

Nilimwambia watu waseme, mimi nina haraka.

Tuliingia botini wiki ya kwanza ya Januari, jua likiwa kali na maji yametulia. Usiku wa kwanza sikulala hata kidogo. Wa pili nililala kama mtoto aliyebebwa mgongoni.

Sijui nianzie wapi kueleza kiangazi kile. Asubuhi, kabla ya chai, mdiria mweusi kwa mweupe alikuja kusimama hewani juu ya maji, mabawa yakitetemeka, kichwa hakitikisiki, kisha akaanguka kama jiwe, akaibuka na omena mdomoni. Alikuwa akimbamiza yule samaki kwenye kamba yetu ya nanga kabla ya kummeza. Kwenye mafunjo waliishi fisi-maji watatu, mama na watoto wawili, na wale wadogo waligombania kaa mmoja mpaka kaa akawaponyoka akarudi majini. Nilicheka hadi ugali ukaungua. Kulikuwa na kenge aliyeota jua juu ya mtumbwi uliozama nusu, na kila tulipopita alitutazama kama askari wa getini. Na yule tai wa samaki, mwenye kichwa cheupe! Nilikuwa nimemsikia maisha yangu yote. Sikuwahi kujua kwamba anapolia huirudisha shingo nyuma mpaka kisogo kinagusa mgongo.

Sikuona haya yote kwa urahisi. Tundu langu lilikuwa dogo, na ndege hawangoji. Kwa hiyo Wakhisi alikuwa akikaa nyuma yangu kwenye benchi, ananishika kichwa kwa mikono miwili, anakigeuza taratibu.

"Kushoto kidogo. Juu. Teremka. Hapo."

Na hapo ndege angekuwepo, katikati kabisa, kama picha niliyowekewa. Tuliishi hivyo siku nenda siku rudi: mimi nikitazama mbele, yeye mgongoni kwangu.

Mambo mengine niliyasikia bila kuyatilia maanani. Alianza kulala ameketi, mgongo ukiegemea sanduku la injini, mito miwili kiunoni. Nilipomwuliza, alisema anasikiliza viboko. Kweli viboko walikuwepo, walitoka usiku kula nyasi ufukweni na tuliwasikia wakipuliza maji. Nikamwamini. Nilipenda hata kumwamini. Viatu vyake vya raba aliacha kuvivaa, akawa anavuta kandambili za plastiki alizozikata mikanda. Nanga aliivuta kwa vituo: anavuta, anapumzika, anavuta. Nilidhani ni uzee, nikamtania. "Mzee wa Kimilili amechoka na maji ya Waluo."

"Maji hayachoshi," alijibu. "Ni nyinyi Waluo."

Mwezi wa pili tulivuka kwenda upande wa Kusa, kwa sababu nilitaka kuona ufuo nilikochotea maji nikiwa msichana. Huko tulizoeana na mvuvi mmoja, Obonyo, mtu mrefu mwenye sauti nyembamba, aliyetuletea samaki aina ya ngege kila asubuhi na kunisemesha Kijaluo ili Wakhisi asielewe, ingawa Wakhisi alikuwa akielewa kila neno.

Siku ya tisa huko Kusa, upepo ulivuma usiku kucha. Kulipokucha nilifungua pazia na ziwa halikuwepo. Kulikuwa na shamba. Gugumaji lilikuwa limesukumwa na upepo likatuzunguka pande zote, kijani mpaka mwisho wa macho yangu, na maua yake ya zambarau yamefunguka yote kwa pamoja. Nchi kavu ilikuwa umbali wa kama mita mia nne tu, lakini mtu asingeweza kuogelea wala kutembea juu ya majani yale.

Nitasema ukweli: nilifurahi. Ndege wadogo wa kahawia wenye vidole virefu ajabu walikuwa wakitembea juu ya majani yale kama watu wanaovuka uwanja. Yangeyange walikuwa wamesimama kwa mamia. Niliketi mbele ya boti nikijigeuza kichwa mwenyewe, kwa kuwa Wakhisi alikuwa nyuma akijaribu kuikomboa propela. Nilimsikia akikata mizizi kwa panga. Tap, tap. Kisha kimya. Kisha tap.

"Njoo uone huyu!" nilimwita. "Ana mtoto chini ya bawa!"

"Nakuja."

Hakuja. Nilimwita tena, ndipo nikasikia panga likianguka sakafuni.

Nilimkuta ameketi kwenye sanduku la injini, mkono mmoja kifuani, jasho likimtiririka ingawa jua lilikuwa bado halijapanda. Alisema, "Nipe maji." Nikampa. Yalimwagika shingoni.

Nilimpigia Obonyo simu, vidole vikipotea kwenye vitufe.

"Mama, hata mimi nimefungiwa," alisema. "Hii majani imefunga ufuo yote. Lakini ngoja. Nakuja na watu. Usimwache alale, umesikia?"

Walikuja wanne na mtumbwi mmoja, wakisukuma kwa miti mirefu, wakikata, wakivuta. Niliwasikia tangu walipoondoka nchi kavu. Sauti zao zilikuwa karibu kiasi cha kutambua nani anamkaripia nani. Walichukua saa tatu kufika.

Katika saa hizo tatu Wakhisi aliniegemea. Alitaka kuongea. Alianza kuniambia jambo kuhusu Jentrix alipokuwa mdogo, jinsi alivyompeleka bandarini siku moja na alichosema mtoto kuhusu meli, lakini pumzi ilikatika kila baada ya maneno mawili, na mimi niliogopa ile pumzi.

"Nyamaza, Baba Jentrix," nikamwambia. "Upumzike. Utaniambia tukifika."

Akanyamaza. Alikuwa mtu wa kusikia akiambiwa.

Obonyo alipopanda botini alimgusa shingoni, akavua kofia yake.

Hospitalini, tulikoupeleka mwili, daktari kijana aliniita ofisini, akaniuliza kwa upole, "Mama, miguu ya mzee imevimba tangu lini?"

"Imevimba?"

"Sana. Hii si ya leo. Ni moyo uliokuwa ukichoka kwa miezi. Alikuwa akiweza kulala chali?"

Nilimwambia alikuwa akilala ameketi. Nikaongeza kwamba yeye alisema anasikiliza viboko.

Jentrix naye, alipotoka kumwona baba yake, aliniuliza swali lile lile, ila yeye hakuwa mpole. "Mama, mlikuwa wawili tu kwenye hiyo boti. Hukuona?"

Hapana. Nilikuwa nimemwona mdiria akibamiza samaki. Nilikuwa nimemhesabu fisi-maji na wanawe. Mwanga wangu mdogo uliobaki niliupeleka kila mahali majini, na mtu aliyekuwa akinigeuza kichwa sikumgeukia.

Tulimzika Kimilili, kwao, mvua ya kwanza ikitishia. Ndugu zake walinitendea vizuri. Shemeji yangu mmoja alisimama akasema Wakhisi aliwapigia simu mwezi wa kwanza kuwaambia kwamba hajawahi kuwa na raha kama sasa. Watu wakaitikia. Mimi nilikaa na Jentrix chini ya turubai, kila mmoja na lawama yake, na zote zilinielekea mimi.

Mwezi mmoja baadaye upepo uligeuka, gugumaji likaondoka, na Obonyo akaivuta boti hadi Dunga. Alinipigia kuniuliza afanye nini nayo. Nikamwambia airudishe kwa mwenyewe ikabebe mchanga, lakini kwanza niende nikatoe vitu vyetu.

Jentrix alinisindikiza siku ya Jumamosi. Alikunja mashuka, akafunga vyombo kwenye gazeti, akaondoa shati la baba yake msumarini na kulitia kwenye mkoba wake bila kuniuliza. Nilimsikia akizunguka huku na huku. Ndege walikuwa wakilia kwenye mafunjo, wengi, na sikutaka kuwatazama.

"Jentrix," nikamwita. "Njoo usimame hapa mlangoni, kwenye mwanga."

"Nimedondosha kitu?"

"Hapana. Njoo tu."

Alikuja. Nilimweka katikati ya lile tundu langu na kuanza juu. Ana paji la uso la baba yake, na sikuwahi kuligundua, pana na lenye mkunjo mmoja. Jicho la kushoto ni dogo kuliko la kulia. Kuna mvi tatu juu ya sikio. Ana miaka thelathini na mbili. Midomo ilikuwa imekauka, ikionyesha hajala tangu asubuhi. Nikashuka mpaka miguuni. Alikuwa amevaa viatu vinavyombana.

"Mama, unanitazama nini?" Sauti yake ilianza kuvunjika, akataka kuufunika uso kwa kanga.

"Usigeuke," nikamwambia. "Tafadhali. Bado sijamaliza."

Akaishusha kanga, akasimama, machozi yakimtoka, na mimi nikaendelea kumtazama.