Mama Anaita

Mkalimani alikaa kiti cha pembeni, safu ya nne, mkoba mapajani, na ndani ya mkoba mlikuwa na kengele ya baiskeli. Alikuwa ameiviringisha kwenye skafu isije ikalia kabla ya wakati wake.

Jina la Mkalimani lilikuwa la kazi. Katikati ya wiki alitafsiri mahakamani. Mwisho wa wiki alicheza karata. Si kamari. Ni kiinimacho cha mezani, kile kinachofanywa mbele ya pua yako, karata ikayeyuka huku umeikodolea macho. Kila mwaka chama chao cha kiinimacho kilikodi hoteli kwa Jumamosi na Jumapili, wakaja watu wa karata, watu wa sarafu, na wale wanaojiita wasoma mawazo. Ukienda kuchukua chai unamkuta mzee mwenye mvi anamvua mwenzake saa ya mkononi huku wanaulizana habari za watoto. Mtu akipiga chafya, wenzake wanamwangalia mikono kwanza. Asubuhi ile lifti ilikwama na watu ndani, na waliokuwa nje wakasimama kupiga makofi mpaka fundi akaja.

Jumapili mchana ndiyo ilikuwa zamu ya mashindano ya wasoma mawazo, na milango ilifunguliwa kwa wageni wa nje pia, watu wa mtaani na familia zao. Mshereheshaji alipotangaza jozi ya mwisho, Mkalimani aliukumbatia mkoba.

"Kitinda na Profesa!"

Kitinda alikuwa mdogo wake, wa mwisho kuzaliwa kwao. Utotoni walitunga lugha ya siri jikoni kwa mama yao ili wawachezee shangazi zao. Mmoja anafumba macho, mwingine anashika kitu na kuuliza, na neno la kwanza la swali ndilo linalotoa jibu. "Haya" ilikuwa saa. "Tafadhali" ilikuwa ufunguo. "Sasa" ilikuwa pete, "hebu" ikawa kalamu. Walipokua waliongeza maneno mengine, ya rangi na ya madini, mpaka wakawa wanajaza kumbi.

Kisha Kitinda akaolewa. Siku moja Mkalimani alifika ukumbini kwa ajili ya onyesho lao, akamkuta shemeji yake, huyo Profesa, amekwisha kuvaa suti, anazunguka kati ya watu na kuuliza, "Haya, nimeshika nini?" Alikuwa amefundishwa yote, neno kwa neno, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia Mkalimani.

"Dada, wewe kila mara una kesi," Kitinda alimwambia nyuma ya jukwaa. "Mimi nataka mtu aliyepo."

Tangu hapo walisalimiana misibani tu.

Kengele ya baiskeli haikuwa na neno. Katika miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuwapa kengele ya baiskeli, na Mkalimani alijua fika kwamba Profesa akiishika atababaika mbele ya majaji, na Kitinda atakaa pale juu, macho yamefungwa, akisubiri jibu lisilokuja. Ndicho alichokitaka. Alikuwa amekitaka muda mrefu mpaka kikawa kama deni.

Kitinda akapanda jukwaani, akaketi, akafungwa kitambaa cheusi machoni. Alikuwa amekonda kidogo. Profesa akashuka kwenye watu, mrefu, suti imemkaa sawasawa, tabasamu la mtu anayejua ataombwa picha.

"Tafadhali, niambie nimeshika nini?"

"Ufunguo," akasema Kitinda.

"Sasa je, bibi huyu amenipa nini?"

"Pete. Ya fedha. Mwenyewe haimpendezi, amepewa na mama mkwe."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenye pete akaficha uso. Mkalimani hakucheka, ila masikio yake yalifanya kazi yenyewe: kila neno aliligeuza kichwani kabla Kitinda hajafungua mdomo. Walikuwa wazuri. Hilo lilimchoma zaidi.

Profesa akafika safu ya nne. Akamwona. Tabasamu likasita, likarudi. Mkalimani akafungua skafu taratibu akamwekea kengele kiganjani.

Profesa aliitazama. Akafungua mdomo, akaufunga. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

*Haya, shemeji,* Mkalimani akasema moyoni. *Tuone sasa.*

"Haya," akasema Profesa. "Tafadhali. Haya hebu... hebu haya..."

Jukwaani Kitinda akainua kichwa. "Saa?" akasema. "Ufunguo... saa... kalamu?"

Watu wakacheka. Majaji wakaandika kitu. Na Mkalimani, kwa muda mfupi ambao baadaye hakupenda kuukumbuka, alifurahi.

Halafu akasikiliza. Maisha yake yote alikuwa akila kwa kusikiliza, na kilichokuwa kinatoka kwa yule mtu hakikuwa maneno ya mtu aliyebabaika. Aliyebabaika hutafuta neno. Huyu maneno yalikuwa yakimwagika kama gunia lililopasuka, na yeye mwenyewe alionekana kuyashangaa. Mkalimani akamwangalia usoni. Upande wa kushoto ulikuwa bado unatabasamu. Upande wa kulia ulikuwa umeshuka. Kengele ikamteleza vidoleni, ikaanguka sakafuni, ikalia.

Makofi yalikuwa makubwa.

"Shemeji," akasema Mkalimani, akamshika mkono. Ulikuwa mzito kama wa mtu aliyelala. "Shemeji, niangalie."

"Hebu," akasema Profesa. Macho yake yalikuwa yamejaa hofu. Goti la kulia likaanza kukunjika, na Mkalimani akampokea kwa bega, wakashuka pamoja mpaka kwenye zulia.

"Huyu mtu anaumwa!" akapaza sauti. "Iteni gari la wagonjwa!"

Wakacheka tena. Mtu wa safu ya nyuma akapiga mluzi. "Safi sana! Wamemweka dada mtu kwenye watazamaji!"

"Si mchezo! Nasema si mchezo!"

"Hivyo hivyo ndivyo wanavyosemaga," mzee mmoja wa sarafu akamnong'oneza mgeni aliyekaa naye, akatabasamu kama mtu anayefichua jambo kubwa. Mshereheshaji naye alikuwa amesimama kando ya jukwaa, mikono kifuani, anaona raha. Mkalimani aliwatazama wote wale, mabingwa wa kudanganya macho, na akaelewa kwamba anaweza kupiga kelele mpaka sauti ikauke na hakuna hata mmoja atakayenyanyuka. Kadiri anavyolia ndivyo watakavyompa alama.

"Kitinda!" akaita. "Vua kitambaa!"

Kitinda alikuwa amegandisha mikono kwenye kiti. Sauti aliitambua, uso wake ulibadilika. "Dada," akasema kwa sauti ya chini, lakini kipaza sauti kilimnasa, "niliambiwa umekuja. Usinifanyie hivi mbele za watu. Nakuomba."

"Mumeo ameanguka."

"Dada, acha."

Hata yeye. Mkalimani akakilaza kichwa cha Profesa pajani. Pumzi yake ilikuwa ikikoroma. Akatafuta katika maneno yote waliyowahi kuyatunga, na hakuna lililofaa, kwa sababu yote yalitungwa kwa ajili ya uongo. Ndipo akalikumbuka moja ambalo hawakulitunga wao.

Walipokuwa wadogo, katika michezo yote ya kujificha na kukimbizana, kulikuwa na sentensi moja ambayo haikuruhusiwa kutumiwa kwa hila. Aliyeisema, mchezo umekwisha papo hapo, hata kama alikuwa anashindwa. Kitinda aliwahi kuisema kwa uongo mara moja, na mama yao alimpa kipigo ambacho mtaa mzima ulikisikia. Hakurudia. Mama mwenyewe alikuwa amekwisha kuzikwa.

"Kitinda," akasema Mkalimani, sasa kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mama anaita."

Kitinda akakirarua kitambaa machoni.

Hakuuliza kitu. Aliona miguu ya mumewe zuliani, akaona uso wa dada yake, akashika kipaza sauti.

"Onyesho limekwisha. Mume wangu anaumwa kweli. Nisaidieni."

Watu wakatabasamu, wakingoja kilele. Mtu akaanza kupiga makofi ya mdundo na wengine wakafuata. Kitinda aliwatazama.

"Sisi hatusomi mawazo," akasema Kitinda. "Ni maneno. 'Haya' ni saa. 'Tafadhali' ni ufunguo. 'Sasa' ni pete, 'hebu' ni kalamu. Akisema 'bibi huyu,' ni fedha. Akisema 'dada huyu,' ni dhahabu. Habari ya mama mkwe tuliisikia kwenye foleni ya chai. Yote ni uongo, nimewaambia yote, mbele ya wageni. Sasa mnaniamini?"

Makofi yakakatika kama redio iliyochomolewa.

Kila mtu wa chama mle ndani aliapa siku aliyojiunga kwamba hatatoa siri mbele ya wageni, na hakuna jozi iliyowahi kuvunja kiapo hicho ili kupata makofi. Mzee wa sarafu ndiye aliyenyanyuka wa kwanza. "Jamani, ni kweli!" akafoka, akaruka viti. Baada ya hapo viti vilisukumwa, meza ikapinduka, mgeni mmoja ambaye ni muuguzi akapiga magoti na kumlaza Profesa ubavu, na mshereheshaji, aliyepauka kama unga, akakimbilia mapokezi. Hawakusubiri gari la wagonjwa. Walimbeba mpaka kwenye basi dogo la hoteli, Kitinda upande wa kichwa, Mkalimani upande wa miguu.

Hospitalini waliketi kwenye benchi la chuma nje ya chumba cha dharura. Daktari alitoka, akawaambia ni kiharusi, na kwamba wamemuwahi. Wangechelewa zaidi, angewaambia maneno mengine. Akarudi ndani.

"Ulikuja na kengele ya baiskeli," akasema Kitinda. Macho yake yalikuwa kwenye mlango.

"Nilikuja nayo."

"Ili nifanye nini?"

"Ukwame. Watu wakucheke."

Kitinda akatikisa kichwa taratibu. "Ulikuwa na moyo huo?"

"Nilikuwa nao. Na kama asingeumwa, saa hizi ningekuwa naelekea nyumbani nimefurahi." Mkalimani akajifuta uso kwa skafu. "Ulinitoa kama nguo iliyochakaa, Kitinda. Hata kuniaga hukuniaga."

"Niliogopa ungesema hapana."

"Ningesema hapana."

"Ndiyo maana." Kitinda akaegemea ukuta. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti ilikuwa ngumu. "Sijakusamehe kengele."

"Mimi pia sijakusamehe suti."

Wakaendelea kukaa. Muuguzi alipowaletea kikombe kimoja cha chai akidhani mmoja wao ndiye mke na mwingine amepita tu, wakanywa kwa zamu.

Chama hakikuwaonea huruma, wala hakikuwatesa. Kitinda aliitwa mbele ya kamati, akaulizwa kama anakiri kutoa siri hadharani, akakiri. Walimfungia kushindana. Mzee wa sarafu alisimama akasema yeye angefanya hivyohivyo, na kwamba aibu ni ya waliokaa wakicheka, akiwemo yeye. Adhabu haikufutwa. Kitinda alisema haina shida, maneno yenyewe sasa yanajulikana na kila mtoto wa mtaani; akarudi kwenye kazi yake ya saluni.

Profesa alikaa hospitalini, kisha akapelekwa nyumbani na mkongojo. Maneno yalimrudia kwa kusuasua, mengine hayakurudi kabisa.

Mara ya kwanza Mkalimani alipokwenda kuwatembelea, alibisha hodi akidhani Kitinda ndiye atakayefungua. Alisikia mguu unaburuzwa, kitu kikigonga ukuta, sauti ya Kitinda kutoka ndani ikisema, "Acha, nafungua mimi," na sauti nyingine ikimkatalia kwa mguno. Kitasa kikahangaika. Mlango ukafunguka. Profesa alikuwa amesimama pale amevaa fulana, ndevu hazijanyolewa, jasho linamtoka kwa kazi ya kufungua mlango.

"Ka," akasema. "Kari..."

Mkalimani alikuwa na mfuko mzito wa matunda mkononi, na mvua ilikuwa imeanza kumpiga mgongoni. Alisimama palepale kizingitini.

"Kari-bu," akasema Profesa. Akavuta pumzi. "She... me..."

Naye akamsubiri amalize.